Namna ya kukausha na kuhifadhi vinoo vya maji baada ya kunoa

mwenye_patasi ameuliza:

Salamu kwenu nyote mnaonoa. Ninaleta kwenu jambo ambalo kwa muda mrefu niliona ni dogo, nikalipuuza, na sasa limeniharibia kinoo kimoja na huenda liko njiani kuniharibia cha pili.

Nina vinoo viwili vya maji ninavyovitumia kwa patasi, kwa ulimi wa randa na kwa visu vya jikoni. Cha kwanza kina pande mbili zilizogandishwa pamoja, upande mmoja namba 1000 na wa pili namba 6000 (namba ikiwa kubwa, chembe za kinoo ni ndogo na laini zaidi), na upande wa 1000 hunywa maji mengi kabla haujawa tayari kwa kazi. Cha pili ni namba 3000, kizito kuliko umbo lake, na hakihitaji zaidi ya kunyunyiziwa maji juu. Mazoea yangu yalikuwa kwamba nikimaliza kunoa ninavisuuza bombani, ninavifuta kwa kitambaa mpaka uso uonekane mkavu, kisha jioni ileile ninavirudisha katika sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, nikiamini kwamba ninavikinga na vumbi. Baada ya wiki tatu hivi bila kunoa chochote nilifungua sanduku nikapokewa na uvundo. Upande wa namba 1000 ulikuwa na madoa meusi yaliyotawanyika kama vitone vya wino, na kandokando yake palikuwa na alama za rangi ya kutu ambazo hazikutoka kwa kusugua kwa kidole.

Hapo nikaamua kufanya kinyume, na kinyume chenyewe kikanitia hasara kubwa zaidi. Kile kinoo cha namba 3000 nilikisahau katika beseni la maji usiku kucha, na asubuhi, kwa kuogopa ukungu, nilikianika dirishani penye jua kali ili kikauke upesi. Nilipokianua jioni, uso wake ulikuwa umejaa mistari iliyokutana na kuachana mithili ya tope la dimbwi lililokauka. Mingi ni myembamba kuliko unywele, lakini mmoja unatoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Ninaomba kujua kinoo kikaushwe kwa muda gani kabla ya kufunikwa, na nitatambuaje kwamba kimekauka hadi ndani na si juu tu. Ninaomba pia kujua kama ni kweli, kama baadhi ya watu wasemavyo, kwamba ni heri kinoo kikae majini siku zote. Na hizi nyufa, je, ndiyo kusema kwamba kinoo kimekufa?

seremala_wa_jioni amejibu:

Pole sana, ndugu. Hayo mawili yote yamewahi kunifika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni kosa moja lenye sura mbili. Mara zote mbili uso wa kinoo ulikauka huku ndani kukiwa na maji. Sandukuni, maji yaliyobaki ndani yalitoka polepole yakakosa pa kwenda, hewa iliyofungiwa humo ikashiba unyevu, na ukungu ukastawi juu ya mabaki ya sabuni, mafuta ya mikono na uchafu uliotoka kwenye visu. Dirishani, jua lilikausha ngozi ya juu ikasinyaa ilhali kiini bado kimelowa, na ngozi inayosinyaa juu ya kiini kisichosinyaa haina pa kwenda ila kupasuka.

Ili usirudie, inafaa ujue kinoo chako kimeshikanishwa na nini. Kinoo cha kutengenezwa ni chembe ngumu nyingi mno, kwa kawaida za oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni, zilizoshikanishwa na kitu kingine, na hicho kinachoshikanisha ndicho kinachoamua kama maji ni rafiki au adui. Kuna vinoo vilivyochomwa katika tanuri kama vyombo vya kauri. Humo udongo huyeyuka kidogo ukawa kama kioo na kuzishika chembe, huku nafasi nyingi zikibaki wazi katikati. Hivyo ndivyo vinavyotoa mapovu ukivitumbukiza, na maji hayavidhuru hata vikilowa kwa siku nyingi. Kuna vinavyoshikanishwa kwa resini, ambavyo hunywa maji kidogo na hulainika vikikaa majini muda mrefu. Na kuna vya magnesia, ambavyo havichomwi bali hugandishwa kwa saruji ya oksidi ya magnesiamu na kloridi ya magnesiamu, ileile iliyoelezwa na mkemia Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1867. Saruji hiyo ni ngumu na hukifanya kinoo kiteleze vizuri sana chini ya chuma, lakini udhaifu wake unajulikana tangu zamani: haipatani na maji ya muda mrefu. Ikilowekwa, sehemu yake huyeyuka na kuondoka, uso hulainika, na kinapokauka hupasuka kwa urahisi zaidi.

Kwa jinsi ulivyokieleza kinoo chako cha namba 3000, yaani kizito, kisichohitaji kulowekwa, kilichopasuka mara moja baada ya usiku mmoja majini na siku moja juani, ninakaribia kuwa na hakika kwamba ni cha magnesia. Vinoo vya Naniwa vinavyoitwa Chosera ni mfano unaojulikana wa jamii hiyo, na wapo watengenezaji wengine pia. Kinoo cha namna hiyo hunyunyiziwa maji wakati wa kazi, na kazi ikiisha hufutwa. Hakilowekwi hata kwa robo saa.

Sasa nieleze ninavyofanya mwenyewe tangu kisu cha mwisho kinapotoka juu ya kinoo.

Kwanza ninasawazisha uso palepale, kinoo kikiwa bado kimelowa. Wengi husawazisha kabla ya kunoa, nami siwalaumu, lakini baada ya kunoa ndipo uso umejaa vumbi la chuma lililozama katika vitundu, na vumbi hilo ndilo lililokuachia zile alama za kutu. Ninachora miraba kwa penseli juu ya uso wote, kisha ninasugua kwa sahani ya almasi, maji yakitiririka, mpaka mstari wa mwisho ufutike. Asiye na sahani ya almasi anaweza kutandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene, nao hutosha kabisa. Ninapunguza pia ncha za kingo zote kwa pembe ndogo, kwa sababu ukingo mkali ndio unaomeguka kwanza na kuacha chembe kubwa juu ya uso.

Kisha ninasuuza kwa maji baridi au ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, nikitumia brashi laini na kuikumbuka migongo na ncha zote, si uso peke yake. Kila namba inasuuzwa kwa maji yake. Chembe ya namba 1000, kwa kipimo cha Kijapani, ina upana wa takribani maikromita 11.5, na ya namba 8000 ni takribani maikromita 1.2. Kwa hiyo chembe moja tu iliyosafiri katika beseni la pamoja hadi kwenye kinoo laini ni kubwa mara tisa au kumi kuliko jirani zake wapya, na itachora mstari mrefu kwenye mgongo wa patasi uliokuwa uking'aa kama kioo. Nimewahi kuutafuta mstari wa namna hiyo jioni nzima, nikidhani tatizo ni mkono wangu.

Baada ya hapo ninakikung'uta, ninakifunga katika taulo kavu na kukibana kwa viganja kwa muda mfupi, kisha ninakisimamisha kwa ubavu wake mrefu juu ya vijiti viwili vya mbao. Kukisimamisha huko ndiko kiini cha shughuli nzima. Kinoo kilicholazwa juu ya taulo hukauka juu na kubaki kimelowa chini, kisha watu hushangaa kwamba kimepinda. Kikisimama kwa ubavu, nyuso zote mbili kubwa hupumua sawasawa, na vijiti vinauachia ubavu wa chini hewa. Mahali pawe kivulini, penye hewa inayopita taratibu, mbali na jua, jiko, feni na chochote kinachopuliza joto. Kukausha kinoo ni kama kukausha mbao mbichi: anayeharakisha hupata nyufa.

Kuhusu muda, sitakupa saa maalumu, kwa sababu unene, hali ya hewa na aina ya kinoo vyote vina kauli. Chukua mizani ya jikoni. Kipime kinoo kikiwa kikavu kabisa na uandike uzito huo kwa penseli ubavuni mwake. Siku nyingine zote, kinoo kitakapourudia uzito huo, au kitakapoacha kupungua kwa siku mbili mfululizo, kimekauka hadi moyoni. Jicho na kidole vitakudanganya, kwa maana uso huwa mkavu siku moja au mbili kabla ya ndani.

Kikishakauka, mahali pa kukiweka si jambo la kuumiza kichwa. Sanduku la karatasi ngumu au rafu ya wazi iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi vinafaa. Lile la plastiki linalobana likubali tu kinoo kilichothibitishwa na mizani, na hata hivyo mimi ningelitoboa matundu.

kisu_cha_asubuhi amejibu:

Ninamuunga mkono seremala kwa mengi, lakini ningependa kutetea upande wa pili, kwa kuwa ndugu muulizaji ameuliza kuhusu kuacha kinoo majini na jibu hilo limepitwa kwa haraka.

Mimi ninanoa kila siku ya kazi, kwa sababu ninapika kwa kujipatia riziki na kisu butu jikoni ni hatari kwa vidole. Kinoo changu cha namba 1000 ni cha aina ya kulowekwa, na kimekaa majini kwa miaka kadhaa sasa, kikitoka tu kufanya kazi na kurudi. Hakijapasuka, hakijalainika, na kila asubuhi ninakikuta tayari, bila kusubiri mapovu yakome. Ukifikiri vizuri utaona mantiki yake: kinachokichosha kinoo cha namna hiyo si maji, bali ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, bila kupumzika. Kikibaki kimelowa daima, hakuna kusinyaa wala kuvimba.

Masharti yake hata hivyo ni mazito, na asiyeweza kuyatimiza asijaribu. Maji lazima yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo utelezi hujitokeza pembeni mwa chombo, na baada ya utelezi huja harufu. Chombo kisafishwe kwa brashi kila yanapobadilishwa, na kiwekwe mahali pasipofikiwa na jua, kwa kuwa mwanga huotesha mwani. Kinoo kisuuzwe kabla ya kurudi majini, ili vumbi la chuma lisishuke chini na kutia maji rangi ya kutu. Na ikiwa kinoo kimegundishwa juu ya kibao cha mbao, hakifai kabisa, kwani mbao huvimba, gundi huachia, na kibao kinaweza kuvuta kinoo mpaka kikapinda.

Mtu anayenoa mara moja kwa mwezi hana sababu ya kufuga beseni la maji yanayooza. Huyo na akaushe, kama alivyoelekezwa.

seremala_wa_jioni amejibu:

Ninayakubali maelezo hayo, tena ninashukuru kwa kutaja suala la kibao, ambalo lilinipita. Naongeza tahadhari moja kwa muulizaji, kwa sababu kinoo chake kina pande mbili. Upande wa namba 1000 huenda unastahimili maji ya daima, lakini huo wa 6000 uliogundishwa nao ni kitu tofauti, umebana zaidi, na vinoo laini vingi havitakiwi kulowekwa kwa muda mrefu. Majini pande hizo mbili huishi kwa sheria ya ile dhaifu. Kwa hiyo kinoo cha pande mbili loweka upande wa 1000 kwa dakika kumi hivi, nyunyizia upande wa 6000, kisha kausha. Na kwa kuwa tabaka moja hukauka mapema kuliko jingine, kukisimamisha kwa ubavu ni muhimu zaidi kwake kuliko kwa kinoo cha namba moja.

tabaka_za_mlima amejibu:

Niruhusiwe kuongeza neno juu ya vinoo vya asili, yaani vile vilivyochongwa kutoka mwambani, kwa sababu atakayesoma hapa baadaye anaweza kuwa nacho kimoja akadhani sheria ni zilezile.

Kinoo cha asili kutoka milima inayozunguka Kyoto, nchini Japani, ni mashapo yaliyolala tabaka juu ya tabaka kwenye sakafu ya bahari ya kale. Tabaka hizo ndizo uzuri wake na ndizo udhaifu wake pia, kwa kuwa maji hupenya ubavuni, pale zinapoonekana kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na yakizoea kuingia na kutoka huzitenganisha hatimaye. Ndiyo maana wenye vinoo hivyo hupaka ubavu na mgongo vanishi isiyopitisha maji, mara nyingi tabaka tatu au nne, wakauacha wazi uso wa kunolea peke yake. Kinoo changu kilinifikia bila kupakwa, nacho ubavuni kilikuwa na mstari mmoja mwembamba ambao ulikuwa ukibaki mweusi kwa maji saa nzima baada ya uso wote kurudia rangi yake ya kijivu. Mstari ule ndio ulionifundisha kwamba maji yalikwisha kupata njia. Niliacha kikauke kwa wiki mbili, nikapaka, na tangu hapo mstari haujasogea.

Kinoo cha asili hakilowekwi kamwe. Kinatiwa matone ya maji, kinatumika, kinafutwa na kusimamishwa kivulini. Kijiwe kidogo cha kusugulia juu yake ili kutoa tope nacho kikaushwe vilevile, kwa sababu ni mwamba uleule.

Jambo lingine linawahusu watu wa mahali penye baridi kali, na linahusu vinoo vyote, vya asili na vya kutengenezwa. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takribani asilimia tisa. Kinoo chenye maji ndani kikiachwa katika karakana isiyo na joto usiku wa barafu, maji hayo hutanuka vitunduni na kukipasua kutoka ndani, na hakuna gundi itakayokirudisha. Kinoo kikavu hakiogopi baridi.

mwenye_patasi amejibu:

Ninawashukuru kwa moyo wote. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, nami ninaleta vipimo ili wengine wafaidike.

Kile kinoo cha pande mbili nilikisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka madoa meusi yakatoweka. Yalikuwa yamezama kidogo tu, pungufu ya nusu milimita. Alama za kutu ziliondoka pamoja nayo, isipokuwa moja kwenye pembe ambayo nimeiacha kwa kuwa haigusi kisu. Nilikisuuza kwa brashi na sabuni kidogo, nikasuuza tena mpaka povu likaisha, nikakibana kwa taulo na kukisimamisha kwa ubavu. Kikiwa kimetoka majini kilikuwa na gramu 624. Siku iliyofuata kilikuwa na gramu 589, na uso ulikuwa mkavu kabisa chini ya kiganja, kiasi kwamba kwa mazoea yangu ya zamani ningeapa kwamba kimekauka. Siku ya pili kilifika 570, ya tatu 563, ya nne 561, na ya tano kikabaki 561. Kumbe kila jioni nilipokifungia sandukuni nilikuwa ninafungia zaidi ya gramu 60 za maji pamoja nacho.

Kimebaki kile cha magnesia. Nimekiacha mahali pa kivuli kwa siku hizo zote, na nyufa hazijaongezeka, lakini hazijapungua pia. Ninaomba ushauri wa mwisho kuhusu hicho.

mkono_taratibu amejibu:

Ndugu, usikitupe mpaka umekisikiliza. Kinyanyue kwa vidole viwili katikati ya mbavu zake, kiache kining'inie bila kugusa kitu, kisha kigonge kwa upole kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Kikiitika kwa mlio wa wazi unaodumu kidogo, nyufa zako ni za ngozi tu. Kikitoa sauti iliyokufa, kama chungu chenye ufa, basi kuna ufa uliopita ndani. Gonga sehemu kadhaa, kwa sababu ufa unaweza kuwa upande mmoja tu.

Halafu pitisha ukucha juu ya kila mstari, kwa kuukata. Mstari ambao ukucha unaupita bila kukwama hautakisumbua chuma, nawe unaweza kuendelea kunoa kana kwamba haupo. Nimevitumia vinoo vyenye mtandao wa nyufa za namna hiyo kwa miaka, na makali yaliyotoka juu yake hayakutofautiana na mengine. Mara nyingi nyufa hizo hazina kina kirefu, na kusawazisha kwa kawaida huzipunguza kidogo kidogo.

Ule mmoja unaotoka ukingo hadi ukingo ndio wa kushughulikia. Hakikisha kwanza kinoo kimekauka kwa mizani, kwa kuwa gundi juu ya maji ni kazi bure. Chukua gundi ya papo hapo iliyo nyepesi kama maji, si ile nzito ya utelezi, na uidondoshe tone kwa tone kuanzia ubavuni, ufa ukitazama juu. Utaiona ikinywewa, rangi ya ufa ikigeuka kuwa nyeusi kidogo kadiri inavyosafiri. Endelea mpaka ufa ukatae kunywa zaidi. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kiache usiku mzima, kisha sawazisha uso ili kuondoa gundi iliyobaki juu, kwani gundi iliyoganda ni ngumu na inateleza, na chuma kikipita hapo hakinoleki. Ukipenda, gundisha mgongo wake juu ya kipande cha kioo kinene au bamba la jiwe bapa kwa gundi ya epoksi, kitu ambacho hakivimbi kwa maji, ili nusu mbili zishikwe pamoja hata ufa ukija kufunguka.

Ninakusihi jambo moja zaidi. Kinoo cha magnesia usikisafishe kwa siki wala kwa limau ili kuondoa kutu, kama baadhi ya watu wanavyofanya kwa vyombo. Asidi huila ile saruji yenyewe. Kutu iondolewe kwa kusugua, basi.

mwenye_patasi amejibu:

Nimekigonga kama ulivyosema. Nusu ya kulia inaitika vizuri, nusu ya kushoto ina sauti fupi iliyofifia, na ufa mrefu uko upande huohuo. Jana jioni niliutia gundi. Ulikunywa matone kumi na mawili kabla ya kukataa, na niliiona ile rangi ikitambaa hadi katikati ya uso kama maji yanavyopanda katika kitambaa. Leo nimesawazisha na kujaribu patasi moja pana. Ukucha haukwami tena, na mgongo wa patasi haukupata mkwaruzo hata mmoja, ingawa sauti ya nusu ya kushoto bado si sawa na ya kulia, kwa hiyo nitakigundisha juu ya kioo mwisho wa juma.

Uzito wake wa ukavu, gramu 948, nimeuandika ubavuni kwa penseli. Sanduku la plastiki nimelitoboa matundu kila upande, na sasa ninaweka humo misasa.